Wageni Sita, Dereva na Mmoja

Safari ile niliipanga mimi, kwa mdomo wangu na kwa kiherehere changu mwenyewe. Kwa hiyo yaliyotoka ndani yake sina wa kumlaumu, ingawa nimelaumu watu wengi, marehemu akiwa wa kwanza.

Mume wetu alikuwa dereva wa watalii. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu alikuwa radhi kusimamisha gari zima la wageni ili kuku na vifaranga wake wavuke kwa raha zao. Miaka thelathini na moja aliendesha njia moja, wenyewe wakiiita mzunguko: siku tatu kutoka mjini hadi maporomoko ya maji, mapango yenye michoro ya watu wa kale, kijiji cha wafinyanzi, nyumba ya makumbusho juu ya kilima, kisha nyumbani. Dunia nzima ilipita kwenye viti vyake vya nyuma. Sisi wake zake wawili hatukupita.

"Kampuni hairuhusu familia," alikuwa akituambia. "Nikistaafu nitawapeleka. Wote wawili, gari moja, mgombane njia nzima."

Akastaafu. Akakaa mwaka mmoja na nusu kwenye kiti, kisukari kikimla polepole, akafa. Hakutupeleka popote.

Mimi ndiye mke mkubwa. Naendesha basi la shule, watoto arobaini asubuhi na arobaini jioni, na watoto hao wamenipa jina la Mama Honi. Wao wanasema ni kwa sababu ya honi. Ni kwa sababu ya mdomo, najua, wala sijakasirika. Mke mwenzangu, Bi Mdogo, ni fundi cherehani wa sare za shule, mtu wa sauti ya chini mpaka ukizungumza naye unalazimika kuinama. Miaka ishirini na miwili tumeishi ncha mbili za mji, kila mmoja na nyumba yake, tukisalimiana vizuri na kujuliana hali, na hatujawahi kurushiana hata ganda la ndizi.

Watu walishangaa. Siri ilikuwa moja tu: Breki alikuwa mwadilifu mpaka anachekesha. Akinunua birika, ananunua mawili. Siku tatu kwangu, siku tatu kwake, hata akiwa na homa atajikongoja ahame. Siku moja alitaka kutugawia tikiti maji, akalipima kwa macho mara nne, hakuridhika, akaenda kuazima mizani kwa jirani. Nilimpenda kwa ajili ya mizani hiyo. Mwanamke anaweza kugawana mume, akazoea, akacheka. Kupunjwa ndiko kusikozoeleka.

Miezi minane baada ya mazishi, Jumamosi mchana, nilikwenda kwa Bi Mdogo na kalenda kuukuu, kalamu mbili, na mfuko wa madaftari ya marehemu. Breki aliandika kila safari aliyoendesha: tarehe, idadi ya watu garini, kilomita, alikosimama, hali ya barabara. Madaftari yote yalikuwa kwangu, kwenye sanduku, nami sikuwahi kuyafungua kwa sababu mwandiko wake ulikuwa unaniliza.

"Nimekodi gari," nikamwambia kabla sijaketi. "Jumamosi ijayo asubuhi tunalichukua. Siku tatu. Mzunguko wote."

"Sisi?"

"Kuna mwingine hapa? Yeye hakutupeleka, tutajipeleka. Mimi ninaendesha, wewe utakaa kama malkia. Toa hivyo vitambaa mezani."

Alitoa vitambaa. Hakufurahi kama nilivyotarajia, lakini Bi Mdogo hata akifurahi huwezi kujua, basi nikaendelea na yangu. Niligeuza kalenda upande mweupe nikachora njia kwa kalamu nyekundu. Nikaweka alama: hapa tutakunywa chai, hapa tutalala, hapa tutanunua vyungu, wewe viwili na mimi viwili, kama angekuwepo mwenyewe. Tulicheka kidogo hapo. Nilijisikia vizuri, Mungu ni shahidi. Nilimwona kama mdogo wangu wa tumbo moja.

"Siku ya pili," nikasema, "tukitoka kwenye mapango saa tisa, saa kumi na moja tutakuwa kwa wafinyanzi."

"Tusitoke saa tisa, Dada." Alikuwa anamimina chai, hata hakuinua uso. "Saa tisa jua linakuja usoni pale kwenye mteremko wa baada ya daraja. Huoni kitu mpaka upite kona ya pili. Bora saa saba, au tusubiri liingie nyuma ya mlima."

Kalamu yangu ikasimama.

Mimi nimeshika usukani miaka kumi na sita. Kuna mambo ambayo mtu husimuliwa: maporomoko yanavuma hivi, mapango yana giza hivi. Lakini mahali jua linapogonga kioo cha mbele, na saa linapogonga, hilo dereva hamsimulii mkewe. Wala abiria wa nyuma halijui. Hilo analijua mtu aliyekaa kiti cha mbele, tena si mara moja.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Marehemu alinieleza."

"Alikueleza lini?"

"Zamani." Chai ilikuwa imejaa kikombeni na yeye bado anamimina, ikamwagika juu ya kijiji cha wafinyanzi.

Nikakunja kalenda yangu iliyolowa, nikabeba na mfuko wa madaftari. Nikasema nimekumbuka nguo zangu ziko kambani. Jua lilikuwa linawaka na hakuna wingu hata la kusingizia, lakini hakunizuia.

Kuanzia hapo sikuwa tena na safari kichwani. Nilikuwa na swali moja, nalo lilikaa na mimi mezani, kitandani na kwenye basi: alimpeleka au hakumpeleka? Nilijiambia, wewe mwanamke, mtu kafa, usifukue. Wapi! Ningekuwa mtu wa kuacha mambo, watoto wasingeniita Mama Honi.

Jumatatu, kama kawaida, nilifika shuleni saa moja nzima kabla ya watoto kutoka, nikaegesha basi penye kivuli cha ukuta, nikafungua madaftari.

Lazima nieleze jinsi Breki alivyofanya kazi, la sivyo hamtaelewa kilichonichoma. Alikuwa haondoi gari kabla ya kuhesabu vichwa. Kila kituo, hata wakisimama kupiga picha ya mbuzi, alihesabu, naye mwenyewe akijihesabu. Ndivyo alivyoandika pia. "Wageni 6 + D." D ni dereva. "Wageni 4 + D." "Wageni 7 + D." Daftari baada ya daftari, mwaka baada ya mwaka, mwandiko mdogo ulionyooka, mpaka nikaanza kujicheka kwa ujinga wangu.

Kisha, miezi kumi na minane kabla hajastaafu: "Wageni 6 + D + 1."

Nikageuza ukurasa. "Wageni 5 + D + 1." Nikageuza tena. Safari kumi na moja tu, maana siku hizo wageni walikuwa wamepungua, zote zina huyo mmoja, hadi ile ya mwisho kabisa. Na mwandiko wenyewe ulikuwa umekuwa mkubwa, umetanuka, unavuka mistari kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema moyoni, raha hiyo. Mtu akiwa na furaha hata kalamu inacheza ngoma.

Nikahesabu siku kwa vidole. Zote kumi na moja zilianza siku ya kwanza ya zamu ya Bi Mdogo. Ndipo nikakumbuka kwamba miezi ile ile mama yake Bi Mdogo alikuwa mgonjwa, na yeye akawa anafunga duka kila mara kwenda kumuuguza, nami, mjinga wa dunia, nilikuwa nikimpa Breki kikapu cha machungwa ampelekee mgonjwa!

Lo! Nililia pale kwenye basi mpaka mlinzi wa shule akaja kugonga dirisha. Nikamwambia ni mafua. Breki angeweza kumdanganya mke, kumbe. Hesabu ya vichwa ndiyo hakuweza kuidanganya. Na kilichoniuma si kwamba alimpenda. Ampende, kwani mimi nani? Kiliniuma kile cha kuniambia "kampuni hairuhusu" huku akinitazama usoni. Mizani ile yote, tikiti lile, mabirika yale, vyote vikawa uongo mchana mmoja.

Watoto walipopanda sikupiga honi hata mara moja. Walinyamaza njia nzima kwa woga.

Siku mbili nilizikaa na hasira hiyo bila kumwambia mtu, jambo ambalo kwangu ni kama kufunga pumzi. Jumatano nikaenda dukani kwake. Duka lake ni chumba kimoja, cherehani mbili, na sare zimening'inia ukutani mpaka juu, sketi za buluu kwa dazeni. Alikuwa peke yake, futi ya kupimia imemkaa shingoni, anashona pindo. Sikusalimia.

"Wageni sita, dereva, na mmoja," nikasema. "Huyo mmoja ni nani?"

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Hakuuliza ninasema nini. Hapo hapo nikajua.

"Njia ya mwongo fupi, bibi wee. Kaandika mwenyewe, mara kumi na moja."

"Mama alikuwa mgonjwa kweli, Dada," akasema. "Mara mbili."

"Na mara nyingine zote?"

Akaanza kufumua pindo alilotoka kulishona.

"Machungwa yangu alikula nani?"

"Wageni."

"Wageni!" Nilipiga meza yake, sindano zikaruka. "Mimi nachagua machungwa sokoni, naminya moja moja nisimpelekee mgonjwa lililooza, kumbe nalisha watalii! Na wewe umekaa mbele na mume wangu, upepo unakupiga, mnaniona mimi nimetoka wapi? Haya! Nilipe machungwa yangu. Nisimulie. Maporomoko yakoje?"

"Sijui."

"Usinichezee."

"Sijui, Dada. Sikushuka."

"Mapango?"

"Sikushuka. Nilibaki naye garini."

"Umekwenda mara kumi na moja, hujaona maporomoko, hujaona mapango. Ulikwenda kufanya nini?"

"Kuona barabara," akasema.

Nilidhani ananitania. Nilikuwa na mkono juu, sijui nilitaka kuufanyia nini. Yeye akaondoa futi shingoni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani.

"Macho yalikuwa yamekwisha, Dada. Sukari iliyala. Pembeni alikuwa anaona kidogo, katikati ni ukungu mtupu. Alianza kwa kukwaruza geti la ofisi, akasingizia usingizi. Kisha siku moja alikuja kwangu akaketi hapo kwenye kile kigoda, akaniambia, nisindikize safari moja tu. Ofisini akasema mimi ni mhudumu wa chakula. Nikakaa mbele. Kila kilichokuja nikamwambia. Tuta. Shimo kushoto. Baiskeli. Kona ya kulia, ndefu. Lori linakuja, kaa kwako. Kwa sauti ya chini, siku tatu. Wageni hawajui lugha yetu, walidhani nasali."

"Na uliendelea."

"Alisema moja tu. Kisha akasema moja tu."

"Watu sita nyuma!" Nilipata sauti yangu, na ilikuwa kubwa. "Watu wana mama zao! Mimi nabeba watoto arobaini, ninajua maana yake! Mngeua watu, wewe na yeye!"

"Najua."

"Hujui!"

"Nilijua kila siku, Dada. Kila kona. Usiku wa safari nilikuwa natapika. Nikirudi hapa siwezi kutunga uzi, mikono inatetemeka. Unafikiri nilikuwa na raha? Sijawahi kuogopa kitu duniani kama kile kiti cha mbele." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza bila mimi kuinama.

"Kwa nini asiache kazi tu?"

"Nilimwambia. Akasema, Breki bila gari ni nani? Ni mzee wa kisukari. Akasema imebaki miezi michache, amalize kama wenzake, wamfanyie sherehe, wamuage kwa heshima."

Na sherehe alifanyiwa. Mimi nilikuwepo, nimevaa nguo mpya. Meneja alisema huyu bwana, miaka thelathini na moja, hajawahi kumgusa hata mbwa. Nilipiga vigelegele.

"Mbona hukuniambia mimi?" nikamuuliza. "Mimi ni dereva! Mimi ndiye ningejua la kufanya."

"Ungefanya nini?"

"Ningekwenda ofisini siku hiyo hiyo."

"Ndivyo alivyosema," akajibu Bi Mdogo. "Alisema, mkubwa akijua, kabla ya saa sita ofisi nzima inajua. Alisema, akikaa karibu yangu barabarani atagundua kabla hatujafika kona ya kwanza. Ndiyo maana aliuza lile gari lake la nyumbani, asitakiwe kutupeleka."

Gari lake. Aliniambia linakula mafuta. Gazeti aliacha kulisoma, akasema habari zote ni uongo. Watu wakimpungia mkono alingoja wamsalimie kwanza, nikasema moyoni, uzee umemletea maringo. Chakula akigusagusa sahani kabla ya kula, nikamwambia, kwani unatafuta nini humo, dhahabu? Nikacheka sana. Mimi ninayeona kwenye kioo mtoto wa kiti cha nyuma kabisa akitoa kidole nje ya dirisha, nimelala na mtu miaka mitatu sikuona kwamba haoni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Lakini yeye hakuyaficha kwa kila mtu. Aliyaficha kwangu.

Niliketi kwenye kile kigoda. Nilitaka kumchukia Bi Mdogo, na nilikuwa na haki, kwani walifanya jambo baya, baya kweli, na lisingekuwa zuri kwa sababu tu hakuna aliyekufa. Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho kiliniaibisha. Nilikuwa ninamwonea wivu. Nilimwonea wivu kutapika kwake na kutetemeka kwake. Mume wetu alikuwa na jambo moja kubwa la kuogopa maishani, akatazama wake zake wawili, akachagua wa kuogopa naye. Na hakukosea kuchagua. Kweli ningekwenda ofisini. Hata leo ningekwenda.

"Safari basi tena," Bi Mdogo akasema. "Nitakurudishia nusu ya ulicholipa..."

"Hakuna cha basi. Gari limekodiwa. Jumamosi saa moja, na usinicheleweshe." Nikatoka bila kuaga.

Msiniulize kwa nini nilisema hivyo. Haikuwa upendo. Nadhani nilitaka nimweke kwenye kile kiti nimtazame.

Jumamosi tulikutana kwenye yadi ya magari ya kukodi. Karani alikuwa kijana nadhifu mwenye ubao wenye fomu, tukalizunguka gari pamoja naye: mkwaruzo mlango wa nyuma, andika, kioo cha pembeni kina ufa, andika, jeki ipo, tairi la akiba lipo, nikalibonyeza kwa kidole gumba, akashangaa. Nilikagua kila kitu mara mbili ili nisizungumze na mke mwenzangu. Yeye alisimama kando na kikapu chake, amevaa gauni la kijani alilojishonea, mzuri kuliko nilivyotaka.

"Dereva wa pili?" karani akauliza, kalamu iko juu ya fomu.

"Hakuna," nikasema. "Huyu hajui kuendesha."

Bi Mdogo akafungua mlango wa mbele. Hakuuliza, hakufikiri, alifungua tu kama mtu anavyofungua mlango wa chumba chake, akaketi, akavuta mkanda bila kuutafuta. Karani hakuona kitu. Mimi nilikiona, kikanipita kifuani.

Tulitoka mjini. Nusu saa. Saa nzima. Barabara ilikuwa nzuri, nyembamba lakini nzuri, na milima ilikuwa imeanza kuinuka mbele yetu. Kisha nikaisikia ile sauti ya chini.

"Tuta."

Nilikuwa nimeshaliona. Nikapunguza.

"Baiskeli kushoto."

"Nimeiona."

"Samahani, Dada." Kisha tena: "Shimo. Kaa kushoto. Lori linakuja."

"Nimeona!" nikafoka. "Mimi si kipofu!"

Neno lile lilibaki ndani ya gari na sisi. Nikamtazama kidogo. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekamata dashibodi, mishipa imemtoka, macho ameyakaza barabarani, hata hapepesi. Sijui kama alinisikia. Midomo ilikuwa bado inacheza. Hakuwa na mimi. Alikuwa na Breki, kwenye safari ya kumi na mbili, na watu sita nyuma.

Nilisimamisha gari pembeni.

"Shuka," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Unaniacha hapa?"

"Mwone! Nikuache uliwe na nini? Nenda kaa nyuma. Upande wa kushoto, penye dirisha kubwa."

"Na huku mbele nani atakaa?"

"Hatakaa mtu. Naona mwenyewe. Nenda."

Akashuka, akahamia nyuma. Nilifunga mlango wa mbele nikaona kile kiti kitupu, na nikakichukia, na nikamkumbuka Breki mpaka nikashindwa kuingiza gia. Ningeweza kukaa hapo. Ningekaa kimya, ningejifunza kukaa kimya. Angenijaribu! Lakini mtu hamjaribu mwenzake kwa roho za watu sita, na hilo alilijua vizuri kuliko mimi. Nikaondoa gari.

Njia ikaanza kupanda. Kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande wa kulia na bonde upande wa kushoto, na hakuna ukingo. Nyuma yangu sauti ile ilijaribu mara moja, "Kona, Da..." ikajimeza. Nikamsikia akilia, si kwa kelele. Nilimwacha. Mimi pia nilikuwa na yangu machoni, nikayafuta haraka kwa kiwiko maana barabara haikuwa ya kuchezea.

Kisha kilio kikakatika.

"Dada," akasema. "Kuna ziwa."

"Nini?"

"Ziwa, Dada! Huku chini. Kubwa! Lilikuwepo siku zote?"

"Halikuchimbwa jana."

"Mara kumi na moja," akasema. "Nimepita hapa." Nikamsikia akishusha kioo, upepo ukaingia. "Na yeye hakuliona. Mara zote hizo hatukuliona, si mimi wala yeye."

Nilitaka kugeuka. Shingo yote ilitaka kugeuka. Lakini mbele kulikuwa na kona ya kushoto, kali, na baada yake nyingine, na lori la mbao linashuka taratibu, nami nina mtu mmoja nyuma.

"Siwezi kutazama," nikamwambia. "Niambie likoje."

"Lote?"

"Lote. Anza na rangi."

Akasogea karibu na dirisha, akaanza kunisimulia, kwa sauti kubwa, nami nikashika usukani kwa mikono miwili nikimsikiliza.